Kupima Msuli: Mkono Unajua Nini?

Kupima msuli ni kumtaka mtu akaze kiungo katika mkao fulani, kisha kukisukuma au kukivuta ili kuona kama kitastahimili au kitalegea. Kipimo hiki hakihitaji mashine, damu wala maabara. Mikono miwili ya mpimaji inatosha. Ndiyo maana kimeingia katika kazi mbili zisizofanana. Hospitalini, daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hupima msuli ili ajue hali ya msuli wenyewe na ya neva inayouamrisha. Katika baadhi ya tiba mbadala, mpimaji huusukuma msuli uleule ili ajue mambo mengine: chakula kinachomdhuru mtu, kiungo cha ndani kinachougua, vitamini iliyopungua mwilini, au dawa itakayomfaa. Kwa macho ya mgonjwa vipimo hivi viwili hufanana. Kinachovitenganisha ni swali linaloulizwa, na kama msuli una njia yoyote ya kulijua jibu lake.

Kutoka sifuri hadi tano

Kipimo cha hospitali kilikuzwa na polio. Mwanzoni mwa karne ya 20, milipuko ya ugonjwa huo iliwaacha watoto wengi wa Marekani na miguu na mikono iliyolegea. Daktari wa mifupa Robert Lovett wa Boston alihitaji njia ya kuandika ni msuli upi umebaki na nguvu kiasi gani, ili aweze kulinganisha hali ya mtoto mwezi huu na mwezi ujao. Yeye na msaidizi wake, Wilhelmine Wright, walichagua kigezo kisichobadilika, yaani uzito wa kiungo chenyewe. Msuli unaoweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake una nguvu kuliko ule usioweza, na jambo hilo huonekana wazi bila kubishaniwa. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mizani ya madaraja kuanzia 0 hadi 5 kwa ajili ya majeruhi wenye neva zilizoumia. Mizani hiyo ndiyo inayotumika hospitalini hadi leo, Tanzania ikiwemo.

Kiwiko kinaonyesha vizuri jinsi inavyofanya kazi. Mgonjwa akiambiwa akikunje na msuli usionyeshe dalili yoyote, hiyo ni 0. Msuli ukicheza chini ya ngozi bila mkono kusogea, ni 1. Mkono ukikunjika pale tu unapolazwa juu ya meza, ambapo hauna haja ya kujiinua, ni 2. Ukiinuka wenyewe dhidi ya uzito wake, ni 3. Ukiinuka na kustahimili kusukumwa kwa kiasi, ni 4. Nguvu kamili ni 5.

Udhaifu wa mizani hii unajulikana. Daraja la 4 ni pana mno: wapimaji wawili wanaweza kupishana juu ya mgonjwa mmoja, hasa mmoja akiwa na mikono yenye nguvu kuliko mwenzake. Kwa hiyo kuna kanuni. Pande mbili za mwili hulinganishwa. Kiungo hushikwa mahali palepale kila mara. Msukumo huanza taratibu na kuongezeka. Na mgonjwa hufahamishwa mapema ni lini atasukumwa na kuelekea wapi. Kinga kubwa zaidi ni kwamba jibu la kipimo linaweza kukaguliwa kwa njia nyingine. Kila msuli una neva yake inayojulikana. Msuli wa kidole kidogo ukiwa dhaifu, mpimaji anaweza kugusa ngozi inayohudumiwa na neva hiyohiyo aone kama imekufa ganzi, au kupima neva kwa umeme. Vipimo vyote vikielekeza mahali pamoja, tatizo limejulikana. Visipokubaliana, mpimaji hurudi kuanza upya.

Mikono ya wagonjwa wa ukoma

Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, ugonjwa unaoonyesha vizuri thamani ya kipimo hiki ni ukoma. Wakati wa utawala wa Waingereza, wilaya ilikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Makete, karibu na Tukuyu. Siku hizi ukoma hautengi mtu na jamaa zake: mgonjwa hutibiwa akiwa nyumbani kwa mchanganyiko wa dawa ulioanza kutumika Tanzania mwaka 1983, chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977. Mwaka 2006 nchi ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, ingawa wagonjwa wapya bado hugunduliwa kila mwaka.

Watu huutambua ukoma kwa mabaka ya ngozi, lakini ulemavu wake hutokana na neva. Bakteria wake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, ambako neva hupita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, pembeni chini ya goti, na usoni. Neva ikivimba, misuli yake hupoteza nguvu polepole, mara nyingi bila maumivu, na mgonjwa huweza asijue mpaka vidole vianze kujikunja.

Ndiyo sababu mgonjwa wa ukoma hupimwa misuli anapoanza dawa na kila anaporudi kliniki. Kazi yote huchukua dakika chache. Mgonjwa huketi akitazamana na mpimaji. Kwanza hufumba macho taratibu kama anayelala, na mpimaji hutazama kama kumebaki mwanya kati ya kope. Kisha hulaza mkono, kiganja kikitazama juu, na kukitenga kidole kidogo mbali na vingine. Mpimaji hukisukuma kukirudisha, akisikiliza kwa kidole chake mwenyewe kama kinapinga. Kidole gumba huinuliwa wima kutoka kwenye kiganja, nacho husukumwa. Kifundo cha mkono hukunjwa kwenda juu. Mwishoni mgonjwa huinua wayo huku kisigino kikiwa chini. Kwa kila msuli huandikwa kwenye kadi neno moja kati ya matatu: una nguvu, ni dhaifu, umepooza.

Kadi hiyo fupi huamua matibabu. Msuli uliokuwa na nguvu mwezi uliopita na leo ni dhaifu unaonyesha kwamba neva imeshambuliwa, na mgonjwa huanzishiwa prednisoloni ili kuzuia uvimbe. Tiba hiyo hufaa zaidi udhaifu ukiwa haujapita miezi sita. Ukichelewa zaidi, neva huwa vigumu kurudi. Kwa mkulima wa Rungwe tofauti hiyo ni ya riziki. Mchumaji wa chai hukata majani mawili na chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada, mamia ya mara kwa saa. Gumba lisiloweza kusimama haliwezi kazi hiyo.

Mtoto aliyelegea ghafla

Polio nayo bado ni sababu ya kupima misuli. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa virusi vya asili vya polio mwaka 1996, na mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa imeondokana navyo. Lakini tarehe 17 Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa miaka mitatu mjini Lilongwe amepooza kwa virusi hivyo, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha vinahusiana na virusi vya Pakistani. Barabara itokayo Mbeya hupita Tukuyu na kushuka Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi, na watu na bidhaa huvuka huko kila siku. Mwezi Machi mwaka huohuo, kampeni ya chanjo ya matone kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilianzia katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma.

Nyuma ya chanjo kuna ulinzi mwingine usioonekana sana. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla hutakiwa kutolewa taarifa, hata kama mtumishi wa zahanati anadhani chanzo ni kingine. Sampuli mbili za choo huchukuliwa ndani ya siku 14, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, na baada ya siku 60 mtoto ambaye bado kuna shaka juu yake hupimwa tena nguvu za kiungo. Hapa kipimo cha msuli hakisemi kwamba mtoto ana polio. Kinasema kiungo kimelegea, na kazi ya kutaja kirusi huachiwa maabara. Mgawanyo huo una maana, kwa sababu si kila mguu dhaifu umelegea. Konzo, ugonjwa unaotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri na uliowahi kuzuka Tarime mwaka 1985, huacha miguu dhaifu lakini iliyokakamaa. Mpimaji huitambua tofauti hiyo kwa kuukunja mguu na kugonga goti.

Msuli kama msemaji wa mwili mzima

Njia ya pili ya kutumia msuli ilianza mwaka 1964 huko Detroit, Marekani. George Goodheart, mtaalamu wa tiba ya kunyoosha uti wa mgongo, alikuwa na mgonjwa ambaye mfupa wake mmoja wa bega ulitokeza nyuma kama bawa kila aliposukuma kitu. Goodheart aliminya vinundu alivyovihisi pale msuli unaposhikana na mbavu, na kwa maelezo yake nguvu zilirudi papo hapo. Kutokana na hapo alijenga fundisho kubwa zaidi: kwamba kila msuli umeunganishwa na kiungo fulani cha ndani na njia fulani ya nishati inayotajwa katika tiba ya Kichina, na kwamba udhaifu wa msuli ni habari kutoka kwenye kiungo hicho. Mwaka 1973 mwanafunzi wake, John Thie, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida njia hiyo, na matawi mengi yakachipuka Marekani, Ulaya na Japani.

Kipimo huendeshwa hivi. Anayepimwa husimama au huketi na kunyoosha mkono mmoja kando, sawa na bega. Mpimaji huweka vidole viwili juu ya kifundo na kusukuma chini akisema, "Zuia." Mkono ukistahimili, huchukuliwa kuwa kipimo cha mwanzo. Kisha anayepimwa hupewa kitu cha kushika kwa mkono wa pili, au kuwekewa ulimini: sukari, maziwa, unga wa ngano, kidonge, au kichupa kilichofungwa chenye kitu fulani. Mkono husukumwa tena. Ukishuka, kitu kile huhesabiwa kuwa kinamdhuru, ukibaki, kinamfaa. Wapimaji wengine huuliza kwa maneno, na mkono hujibu ndiyo au hapana. Wengine humpimia mtoto mchanga kupitia mkono wa mama yake: mama humgusa mtoto, na mkono wa mama ndio unaosukumwa.

Afrika Mashariki imekutana na tawi moja la mafundisho haya kupitia Rwanda. Roger Callahan, mwanasaikolojia wa Marekani, alijifunza kupima misuli na kuitumia kutafuta mpangilio wa kugongagonga nukta za mwili ili kupunguza hofu na majonzi. Miaka ya 2000 wafuasi wake walifundisha njia hiyo kwa manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha watu wazima 145, nusu wakitibiwa mara moja na nusu wakisubiri. Waliotibiwa walieleza kupata nafuu. Hata hivyo, nafuu hiyo haithibitishi kipimo cha msuli. Kazi ya aina hiyo hutumia mpangilio wa kugonga ulioandaliwa tangu awali bila kumsukuma mtu mkono. Tena anayesubiri hapewi kitu chochote cha kulinganisha, hivyo haijulikani kama kilichosaidia ni nukta zilizogongwa au ni kusikilizwa na kutulizwa.

Kwa nini mkono hushuka

Aliyewahi kupimwa kwa njia hii mara nyingi husema mkono ulishuka wenyewe bila yeye kutaka. Husema kweli. Sababu zake ziko katika namna misuli inavyofanya kazi.

Mkono ulionyooshwa kando ni wenzo mrefu unaobebwa na msuli mfupi wa bega. Mpimaji akisogeza vidole sentimita chache kuelekea kwenye kiganja, msukumo uleule huwa mzito zaidi kwa bega. Akisukuma kwa ghafla, kabla msuli haujakaza, mkono hushuka; akianza polepole, msuli hupata nafasi ya kujibu na mkono hubaki. Akielekeza msukumo mbele kidogo badala ya chini moja kwa moja, msuli mwingine ndio unaobeba kazi. Mara ya tatu na ya nne bega limeshaanza kuchoka. Mambo yote haya hubadilika bila mpimaji kukusudia kudanganya.

Zaidi ya hayo kuna matarajio. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter alieleza kwamba wazo peke yake linaweza kuisogeza misuli bila mtu kuamua wala kutambua. Karibu miaka ishirini kabla yake, mwanakemia Mfaransa Michel Chevreul alikuwa ameonyesha kwamba pete iliyoning'inizwa kwa uzi hubembea kuelekea anakotarajia aliyeishika, na kwamba akifungwa macho mwendo huisha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst wa Berlin alichunguza farasi aliyesifika kwa kujua hesabu. Farasi aligonga kwato mpaka kufikia jibu sahihi, lakini pale tu muulizaji alipolijua jibu. Alikuwa akisoma mtikisiko mdogo wa kichwa cha muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anautoa.

Katika kipimo cha msuli kuna watu wawili wenye matarajio, na wote wawili wanashika mkono mmoja. Anayeamini kwamba sukari ni sumu husukuma kwa nguvu zaidi kidogo, na anayeogopa sukari hukaza kidogo pungufu. Tofauti hiyo ndogo hakuna anayeihisi, lakini inatosha kuuangusha mkono.

Jibu likifichwa

Ipo njia rahisi ya kutenganisha matarajio na ukweli, nayo ni kulificha jibu. Vichupa viwili hufungwa vikafanana, kimoja kina kitu kinachodhaniwa kudhuru na kingine hakina. Mpimaji hajui kipi ni kipi, anayepimwa hajui, na anayewapa hajui. Orodha imefungiwa kwingine. Kama msuli kweli unakitambua kitu kile, utaendelea kukitambua. Kama ulikuwa ukifuata mawazo ya watu, majibu yatakuwa ya kubahatisha.

Majaribio ya namna hiyo yamefanyika. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliwachukua wapimaji watatu wazoefu na watu 11, wakawataka wapimaji waseme nani amepungukiwa na vitamini A, vitamini C, thiamini au zinki. Majibu yao hayakulingana na vipimo vya maabara, wala hawakukubaliana wao kwa wao kuliko ambavyo bahati ingewapatanisha. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walitumia watu saba wenye mzio mkali wa sumu ya nyigu, jambo lisilo na shaka kwa kuwa mzio huo unaweza kuua. Wapimaji wanne hawakuweza kutofautisha kichupa chenye sumu ya nyigu na kisicho nayo. Katika utafiti wa mwaka 2014, watu 51 walipimwa kwa vichupa vya maji ya chumvi na vya kemikali yenye sumu, na wapimaji hawakufanya vizuri kuliko kurusha shilingi.

Utafiti mmoja hutajwa na watetezi wa njia hii, na unastahili kutajwa. Mwaka 2016 Anne Jensen alichapisha majaribio ambamo msuli ulitumika kutambua kama mtu anasema kweli au uongo, na majibu yalikuwa sahihi kwa takriban theluthi mbili ya mara, juu ya nusu ambayo kubahatisha kungetoa. Matokeo hayo, hata yakirudiwa na wengine, yanahusu jambo ambalo mpimwaji mwenyewe analijua: yeye ndiye anayesema uongo, na mwili unaweza kulegea kwa wasiwasi. Hayahusu kiwango cha sukari katika damu wala minyoo tumboni, mambo ambayo mpimwaji hayajui.

Mwanasaikolojia Ray Hyman wa Marekani alieleza jinsi kundi la wapimaji lilivyokubali kupimwa kwa sukari za aina mbili, moja ambayo waliiona nzuri na nyingine mbaya. Walipojua ni ipi inayowekwa ulimini, mikono ilishuka kama walivyotabiri. Zilipofichwa, tofauti ilitoweka. Kiongozi wao alimweleza kwamba hiyo ndiyo sababu waliacha kufanya majaribio ya kuficha: hayafanyi kazi kamwe. Hakufikiria kwamba kipimo ndicho kisichofanya kazi.

Mwili kama shahidi

Kuuliza mwili swali ambalo hauna jibu lake hakukuanza Detroit. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za kiapo cha mwafi. Kesi ya uchawi au ya wizi ilipokosa ushahidi, watu walikunywa dawa hiyo. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Aliyeshindwa kutapika alihesabiwa mwenye hatia. Tawala za kikoloni zilipiga marufuku viapo vya namna hiyo.

Kiapo kilikuwa na maana kwa jamii iliyokuwa ikikitumia: kilimaliza ugomvi ambao vinginevyo ungegawa kijiji, na kilitoa jibu mbele ya mashahidi. Lakini kutapika hutegemea ukali wa dawa, wingi wake na hali ya tumbo. Tumbo halina habari za aliyeiba ng'ombe. Mpimaji wa misuli hutumia mantiki ileile, ingawa kwa madhara madogo zaidi: anachukua mwitikio wa kweli wa mwili na kuufanya ushahidi wa jambo ambalo mwitikio huo haugusi.

Sheria na hatari

Tanzania inatambua tiba zilizo nje ya hospitali. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga, watoa tiba mbadala na vituo vyao, na halmashauri zina waratibu wa tiba asili ambao mwananchi anaweza kuwauliza kama mtu amesajiliwa. Usajili unamtambulisha mtoa huduma na kumweka chini ya usimamizi. Hauthibitishi kwamba kila kipimo anachotumia ni sahihi.

Hatari ya kipimo kisichojua jibu inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukataza kilicho salama. Rungwe ni wilaya ya maziwa, ndizi, maharage na parachichi. Mtoto anayeambiwa mkono wake umekataa maziwa na maharage ananyimwa protini iliyo karibu zaidi na jiko la nyumbani, na mzazi hulazimika kununua badala yake. Vyama vikuu vya madaktari wa mzio vya Marekani na Ulaya havipendekezi kupima mzio kwa msuli. Mzio hutafutwa kwa historia ya kile kilicholiwa na muda dalili zilipotokea, kwa kuchoma ngozi kidogo na kuweka tone la kitu kinachoshukiwa, au kwa kuacha chakula kimoja kwa muda na kukirudisha chini ya uangalizi.

Ya pili ni kuhalalisha kilicho hatari. Mkono uliobaki imara unaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aache dawa. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kilionyesha mwaka 2011 kinachotokea watu wanapopokea tiba isiyo na kipimo: maelfu walisafiri kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja kwa VVU, kisukari, saratani na pumu, na baadhi ya wanywaji waliacha dawa za hospitali kwa kujisikia wamepona, bila kupima tena.

Kipimo kinachofaa kwa swali linalofaa

Maswali mengi ambayo wapimaji wa misuli huyaelekeza kwenye mkono yana vipimo rahisi vinavyopatikana wilayani. Malaria hupimwa zahanati kwa tone la damu ya kidole, na jibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Sukari hupimwa kwa tone lingine, na minyoo kwa choo chini ya hadubini.

Mfano wa karibu zaidi ni usubi. Mabonde ya mito ya Rungwe na Kyela, ukiwemo Kiwira, yana inzi wadogo weusi wanaoeneza minyoo ya ugonjwa huo, unaowasha ngozi na hatimaye kuharibu macho. Tangu mwaka 2000 jamii za eneo hilo zimekuwa zikigawiwa ivermectini, na kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimeshiriki katika utafiti wake. Kipimo cha kawaida cha usubi ni kukata kipande cha ngozi kidogo kama kichwa cha kiberiti, kukiacha ndani ya tone la maji ya chumvi, kisha kutazama kwa hadubini kama viluwiluwi vya minyoo vimetoka. Hapo anayeamini na asiyeamini huona kitu kilekile.

Kwa kipimo chochote, cha hospitali au cha tiba mbadala, maswali manne yanatosha kukitathmini. Je, mpimaji angepata jibu hilohilo kama asingejua kinachopimwa? Mpimaji mwingine angepata jibu lilelile? Kuna njia nyingine ya kulikagua? Na likiwa si sahihi, mgonjwa atapoteza nini? Kipimo cha kidole gumba cha mgonjwa wa ukoma kinapita maswali matatu ya kwanza, na kosa lake hugunduliwa ziara inayofuata. Kipimo cha mkono ulioshikishwa sukari hakipiti hata moja.

Msuli nao una swali moja ambalo hulijibu vizuri na kwa haraka. Mtu anayeshukiwa kupata kiharusi huambiwa atabasamu, aseme sentensi fupi, kisha afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kwa sekunde kumi. Upande mmoja wa uso ukilegea, maneno yakikwama, au mkono mmoja ukishuka peke yake, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyelegea ghafla, mtu aliyekufa ganzi miguu yote, au anayepungukiwa nguvu siku hadi siku. Kwa hao, kilichopungua nguvu ni msuli wenyewe, na jibu lake halina muda wa kusubiri.